Uso wa Asiyezikika

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Boniphace Werema, na tuliseme mapema, msomaji asije akahangaika kumtafuta mjinga mwingine katikati ya sura. Alikwenda Butiama kumkamata mwizi. Akasukuma mlango wa nyumba ya udongo, akaingiza kichwa, na juu ya mtungi wa maji uso ukamtazama. Uso wa kijivu, mdomo umepinda, matundu ya macho meusi kama mashimo ya panya. Inspekta hakubisha hodi wala hakutaja sheria. Aligeuka, akaruka kizingiti, akaangukia kwa magoti kwenye lundo la mavi mabichi ya ng'ombe yaliyowekwa tayari kwa kukandika ukuta. Mwenyekiti wa kijiji aliona. Mbuzi waliona. Na WP Gati, askari wake wa kike, aliona vizuri kuliko wote.

"Afande," Gati alisema, "mtuhumiwa yuko ndani au ni yule uliyekuwa unamkimbiza huku nje?"

Tusimcheke sana. Uso ule ulikuwa umewatoa mbio watu wengi wa Mara. Mwaka 1972 mwalimu mmoja wa Musoma, Wenceslaus Mihayo, aliazima kamera akapiga filamu kwenye mawe ya Butiama. Mtu anakufa na kinyongo, watu wanamzika, anaamka. Wanamzika tena, anaamka tena, na safari hii anajua nyumba ya kila aliyeshika jembe. Filamu iliitwa *Asiyezikika*. Ilipoonyeshwa Musoma mjini, watu walitoka na mlango wa ukumbi mabegani. Werema alikuwa kurutu aliyetumwa kulinda usalama mle ndani, na alikuwa wa pili kutoka. Kwa miaka mingi baadaye, mama wa Bunda aliyetaka mtoto amalize ugali hakutafuta fimbo. Alitaja jina la filamu tu.

Mwishoni, majina ya waigizaji yalipopita, penye jina la aliyekuwa mzimu pameandikwa neno moja: *Mwenyewe*. Ulikuwa ujanja wa mwalimu wa kujaza ukumbi. Alipofariki, aliyekuwa dereva wake, Alfonce, alisimama kwenye kilabu cha pombe pale Nyasho, mtaa wa Musoma, akasema, "Sasa naweza kusema. Mzimu ni mimi." Ana urefu wa mlingoti na sauti ya pipa, nani angembishia? Tangu hapo mji ukamwita Mzee Mzimu, na hakuwahi tena kujinunulia pombe.

Sasa ilikuwa 1988. Maduka yaliyokaa miaka na chumvi na viberiti tu yalikuwa yamejaa redio na vitenge, na Nyasho kulikuwa na kibanda cha video. Mwenye kibanda, Luhende, aliipeleka filamu Nairobi ikahamishiwa kwenye kanda, akabandika matangazo mpaka kwenye miti ya sokoni: Jumamosi *Asiyezikika* itarudi, na Mzee Mzimu atatokea mwenyewe, amevaa kinyago kilekile. Siku tatu kabla, kinyago kikatoweka kwenye tranka la Alfonce. Akamtaja mtu mmoja bila kufikiri: Mbuke, mjane wa Butiama, aliyewapikia wapiga filamu enzi hizo, na ambaye wiki ileile alifika kwake kukiomba akanyimwa.

Mwizi alikuwa amekitundika ukutani kwake mchana kweupe. Werema, suruali ikinuka, hakutaka maneno. Alimfunga Mbuke pingu.

"Sijaiba, baba," yule mwanamke alisema. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na macho yake hayakutafuta pa kukimbilia. "Nimechukua uso wangu."

"Utayasema mahakamani Jumatatu."

Nje, shemeji zake wawili, ndugu za marehemu mumewe Ryoba, walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa shamba la pamba. Mkubwa wao alisema kwa sauti ya kusikika, "Sisi hatukai na mwizi. Akifungwa, shamba na mji huu, nyumba na zizi, vinarudi kwenye ukoo." Na macho yake tayari yalikuwa yakipima shamba.

Hilo ndilo lililomkera Werema usiku kucha. Kwa nini mtu mwenye mji wa kupoteza aibe kitu, kisha akitundike mahali ambapo hata inspekta mwoga angekiona?

* * *

Asubuhi yeye na Gati walikuwa Nyasho kwa Alfonce. Mkewe, Esta, alikuwa uani akianika furu, samaki wadogo wa ziwani, juu ya gunia. Aliitikia salamu bila kuinua kichwa.

Alfonce aliwapeleka chumbani. Tranka lilikuwa la bati, la kijani, na kufuli la shaba. Werema alipiga magoti, akaligeuza kufuli upande huu na ule. Hakuna mkwaruzo. Bawaba hazikuguswa.

"Funguo ziko ngapi, mzee?"

"Mmoja. Nauweka chini ya godoro."

"Mbuke amewahi kulala humu?"

"Inspekta!" Alfonce alijitutumua. "Mbele ya mke wangu?"

"Basi alijuaje habari za godoro?"

Alfonce alikohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko swali. "Mwizi ni mwizi. Ana mbinu zake."

"Na kinyago kilifikaje kwako tangu mwanzo?"

Hapo mzee alinyooka, maana huu ulikuwa wimbo wake. "Siku ya mwisho ya kazi, mwalimu Wenceslaus alisema mbele ya watu wote: kinyago ni cha aliyekivaa, hakuna mwingine wa kukigusa. Yeyote aliyekuwepo atakwambia. Basi kikawa changu."

"Cha aliyekivaa," Werema alirudia.

"Maneno yake hayohayo."

Gati alimtazama bosi wake. Werema aliitoa ile sura ya kutisha kwenye mfuko wa karatasi. Kwa mwanga wa dirisha ilikuwa gunia la katani lililopakwa uji wa unga na majivu. Alimwomba Alfonce aivae. Ikamkaa. Akamvisha Gati. Ikamkaa pia.

"Hata mbuzi ingemtosha," Gati alisema kutoka ndani ya gunia. "Afande, mbona unarudi nyuma?"

"Vua."

Wakati wa kutoka, Werema alisimama karibu na furu. "Mama Esta, siku kinyago kilipopotea ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Hukusikia mtu?"

"Nilisikia wengi. Nyumba hii watu huwaga hawaishi, wanakuja kumsikiliza Mzee Mzimu." Alimgeuza furu mmoja aliyekuwa tayari amegeuzwa. "Mimi kazi yangu ni kupika."

Njiani Werema alisema, "Yule mama ndiye aliyefungua tranka."

"Kwa nini?"

"Sijui. Na hapo ndipo kesi yangu inaponinyima raha. Mke wa mtu anamfungulia mgeni mali ya mumewe, kisha mume anakohoa ukimuuliza kuhusu ufunguo. Mmoja wao ananidanganya, au wote, na Mbuke akiwa wa tatu." Alikuwa amefikia hatua ya kumshuku hata mbuzi wa Butiama.

* * *

Kibanda cha Luhende kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mchana usiingie. Luhende mwenyewe, kijana mnene mwenye mkufu, alikuwa na haraka.

"Mzee wangu, nirudishie kinyago, Jumamosi ninajaza hapa. Mambo ya nani alivaa mimi hayanihusu."

"Yananihusu mimi. Weka kanda."

Jenereta liliunguruma, runinga ikawaka. Werema alikaa kwenye benchi la mbele kwa makusudi, kama mtu anayejilazimisha kunywa dawa. Mzimu alitokea juu ya mwamba, mrefu, mbingu nyuma yake. Gati alimnong'oneza, "Huyo ni Alfonce kabisa. Mbuke angehitaji ngazi."

"Naona," Werema alisema. Urefu ule ulikuwa shahidi mbaya dhidi ya yule mwanamke.

Kisha wachimba kaburi wakaanza kuimba, na Luhende akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kutia mafuta jenereta."

"Si umetia sasa hivi?"

Luhende alijikuna shingo. "Sehemu ya kuzika mimi huwaga natoka. Kila mtu huwaga anatoka, mzee, au anajifunika. Nenda kaulize mji mzima. Hakuna aliyewahi kuiona hiyo sehemu macho makavu."

Werema aligeuka. Gati, aliyemcheka siku mbili, alikuwa amejifunika uso kwa kofia ya polisi.

"Fungua macho, konstebo. Tuko kazini."

"Nitafungua, afande. Naanza na moja."

Ndipo Inspekta Werema akafanya jambo ambalo pengine halikuwahi kufanywa na mtu yeyote aliyezaliwa Mara. Aliutazama mwili ukishushwa kaburini, mwanzo mpaka mwisho, bila kupepesa. Wachimba kaburi hawakuwa waigizaji. Walikuwa wanakijiji, na walizika kama wanavyozika. Mmoja shimoni alipokea kichwa, mwingine miguu. Waliulaza mwili ule wa sanda taratibu, wakaugeuza, wakausawazisha kwa viganja. Udongo ukaanza.

"Rudisha."

"Mzee, tafadhali..."

"Rudisha nyuma, Luhende, kisha nenda kwenye jenereta lako."

Aliitazama tena. Halafu mara ya tatu. Alikuwa amemzika baba yake na mama yake, na mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Huku kwetu mwanaume hulazwa ubavu wa kulia. Mwanamke, wa kushoto. Hakuna anayefundishwa darasani. Unashuka shimoni na wakubwa, unafanya. Na wale watu, mbele ya kamera, walikuwa wamemlaza Asiyezikika ubavu wa kushoto.

"Gati. Mzimu ni mwanamke."

Kofia ilishuka. Gati aliangalia, kisha akawa askari tena. "Labda kanda imegeuzwa, afande. Huko Nairobi wakati wa kuihamisha. Kulia ikawa kushoto."

Swali zuri, na lilimchoma. Werema alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Pembeni mwa kaburi palikuwa na gunia la mbegu za pamba, na maandishi ubavuni. Alisoma kwa sauti: MBEGU. Herufi zilikuwa zimesimama sawasawa, zikisomeka kuanzia mwanzo.

"Kanda haijageuzwa. Tuombe petroli, tukawatafute waliomzika."

* * *

Petroli haikupatikana, kwa hiyo upelelezi ulikwenda Bunda juu ya marobota ya pamba, kwenye lori la chama cha ushirika. Nyasura, pale Bunda, walimkuta Masatu, mmoja wa wachimba kaburi wa filamu ile, aliyehamia kwa binti yake. Alikuwa anasuka kiti cha kamba. Werema alimweleza anachotafuta, na mzee akaziba mdomo kama mtungi.

"Sikumbuki."

"Mlimlaza ubavu gani?"

"Miaka mingi, mwanangu. Macho yangu haya..."

"Nimemwona kwenye kanda, baba. Wa kushoto."

Mikono ya Masatu ilisimama kwenye kamba. "Kwani mliangalia?"

"Niliangalia."

"Hm. Mwalimu alituambia hakuna atakayeangalia." Alifikiri. "Ryoba anaendeleaje?"

"Ryoba alifariki mwaka jana."

Mzee alivua kofia, akakaa nayo mapajani kidogo, akairudisha kichwani. "Basi mdomo wangu umefunguliwa. Tuliapa kwa ajili yake. Mke wa mtu kulala kaburini yuko hai! Ryoba angejua, angemrudisha kwao na ng'ombe wa mahari wangedaiwa. Yeye alikuwa Tarime wiki ile, anafuata mifugo."

"Kwa nini mlimtumia mwanamke?"

"Kwa sababu wanaume wote tulikataa! Nani alale humo? Alfonce aliombwa wa kwanza, maana ni mrefu. Akasema gari linamhitaji. Akaondoka nalo, hakurudi mpaka kesho yake. Mwalimu akakaa chini, akalia kama mtoto. Ndipo Mbuke akatoka jikoni, mwiko mkononi, akasema, 'Nipeni hiyo sanda upesi, maharage yangu yanaungua.'"

Gati alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na urefu?" Werema aliuliza. "Mzimu ni mrefu."

"Mwalimu aliingia shimoni na kamera yake, akampiga kutoka chini, yeye Mbuke kasimama juu ya jiwe. Hata kuku angeonekana twiga." Masatu alishusha sauti. "Ila kumzika ndiyo tuligombana. Mwalimu alitaka alale wa kulia, uso uelekee kamera. Tukamwambia, mwalimu, umesoma lakini hapo hapana. Mwanamke hatumlazi wa kulia, hata kwa utani. Hatujui nani atakufa kijijini kwa utani huo. Alipiga kelele sana. Mwishowe akahamisha kamera."

"Na tulimfunika kweli," aliongeza. "Udongo kweli, kapumua kwa bua la mtama. Nilihesabu pumzi zangu mimi, si zake."

* * *

Ijumaa mchana Werema aliwakusanya wote kibandani kwa Luhende. Mbuke aliletwa na pingu. Shemeji zake walifuata bila kualikwa, na nje watu wa Nyasho walikuwa wamebandika masikio kwenye mabati. Alfonce aliingia na kofia mpya na akasalimia kama mgeni rasmi. Esta alikaa nyuma karibu na mlango.

"Mzee Alfonce," Werema alisema kwa upole ambao Gati aliujua na kuuogopa, "sina shaka na wewe. Nataka tu mahakama ielewe kazi ngumu uliyofanya. Ulizikwa kweli?"

"Kweli kabisa! Udongo mpaka puani."

"Pole sana. Hebu tuonyeshe walivyokulaza."

"Hapa chini?"

"Hapa chini."

Alfonce alivua kofia, akajilaza sakafuni kwa heshima zote, akakunja mkono chini ya shavu. Ubavu wa kulia.

"Una hakika na huo ubavu?"

"Inspekta, mimi mwanaume. Ningelalaje?"

Mabati yalinong'ona. Werema alimpa Luhende ishara, kanda ikazunguka, na Luhende akaganda mlangoni, hana pa kwenda. "Leo hakuna kutoka," Werema alisema. "Na hakuna kujifunika. Angalieni."

Waliangalia, wengine kwa jicho moja. Mwili ulishuka, ukageuzwa, ukasawazishwa. Wa kwanza kuelewa alikuwa shemeji mkubwa wa Mbuke. Alisema neno moja la kwao, taratibu, akakaa kwenye benchi.

"Wa kushoto," Gati alisema, kwa ajili ya walio nje.

"Kamera inageuza!" Alfonce aliinuka na vumbi shavuni.

"Gunia lile linasomeka, mzee."

"Basi wale wachimbaji walikosea!"

"Masatu wa Nyasura anasema hawakukosea. Anasema waligombana na mwalimu. Anasema pia wewe uliombwa wa kwanza, ukaondoka na gari."

Alfonce alitafuta uso wa rafiki mle ndani, akaangukia ule wa mkewe. "Esta. Waambie."

Esta alisimama. "Ufunguo nilimpa mimi," alisema. "Mbuke alikuja mara ya pili, wewe hupo. Akaniambia, dada, nimefiwa na mume, sasa naweza kukitundika nyumbani, wanangu wajue mama yao ni nani. Nikainua godoro." Akakaa. "Mimi sipendi kulala juu ya mali ya mtu."

Werema alimgeukia Alfonce. "Uliniambia mwenyewe: kinyago ni cha aliyekivaa. Mwalimu alisema mbele ya watu wote. Mwenye mali hawezi kujiibia, na mke wako ndiye aliyefungua. Mimi sioni wizi." Akachomoa ufunguo wa pingu, na Mbuke akanyoosha mikono.

Shemeji mdogo alifungua mdomo. Mkubwa akamkanyaga mguu. "Nyamaza," alimwambia. "Unataka kumfukuza *huyo*?"

Lakini Alfonce alikuwa hajamaliza. Kofia yake mpya ilikuwa imekanyagwa, na matangazo yenye jina lake yalikuwa bado sokoni. Alisimama katikati ya kibanda, mrefu kuliko wote, akainua ile sauti ya pipa ili hata mabati yasikie.

"Mnacheza na ubavu! Ubavu ni nini? Mji huu umenijua mimi miaka yote hii. Watoto wamekua wakiniogopa mimi. Huyu mpishi nani atamwogopa? Nani atalipa kiingilio kumwangalia? Hata mkinivua kinyago, mzimu nitabaki mimi! Semeni kama kuna anayebisha!"

Ulikuwa ni ukweli kidogo, na hata Werema alilijua hilo. Luhende alikuwa tayari anatikisa kichwa, akifikiria Jumamosi yake.

Mbuke alikiokota kinyago mezani, akakipangusa majivu kwa upindo wa kanga, akamsogelea Alfonce mpaka akalazimika kumtazama juu.

"Shimo lile lipo bado Butiama, shemeji," alisema. "Twende ulale, nikufukie mimi mwenyewe. Ukiamka, ni chako."